Mafiga yasile kuni bure: jiko la uani katika nyumba ya zamani

Nyumba nyingi za zamani hapa Mikindani, mji wa pwani mkoani Mtwara, zile za kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, jiko lake liko uani: kibanda cha bati au makuti, ukuta wa nusu, mafiga matatu chini. Nyumba ninayokaa ni ya urithi na jiko ni hilohilo. Gesi ipo kwa chai ya asubuhi, lakini mbaazi na ming'oko, yaani viazi vya porini, bado tunapikia kuni, na kuni siku hizi zinanunuliwa. Kwa makadirio ya kawaida, moto wa mafiga hufikisha kwenye chakula kama asilimia 10 hadi 15 tu ya joto lake. Lililobaki linapasha ua.

Usikimbilie kumwita fundi. Anza na upepo. Kusi ikishaanza kuvuma, miali inalala upande mmoja na sufuria inalambwa pembeni tu. Mimi niliziba upande wa kusi kwa bati kuukuu lililofika usawa wa kiuno, nikaacha wazi upande wa pili na nafasi yote ya juu ili moshi utoke. Ukiziba kote umejitafutia macho mekundu na kifua, na kama paa lako ni la makuti, moto usiukaribishe ukutani hata kidogo.

Kinachofuata ni mwanya kati ya sufuria na jiko, na hapa ndipo penye faida kubwa. Zungusha ukingo wa udongo kufuata umbo la sufuria, uipande ubavuni kiasi, uache mlango mmoja wa kuni. Sufuria ikishakaa, pitisha kidole kuzunguka: kikipita kwa taabu kidogo, sawa, ngumi ikipita, moto nao unapita. Usibane kabisa, maana moto usiopumua hutoa moshi na masizi. Tatizo ni kwamba ukingo huo unafaa sufuria ya saizi moja. Chagua ile unayoipikia vitu vya kukaa motoni muda mrefu, nyingine zivumilie.

Udongo wa kichuguu ndio mzuri, ukichanganywa na mchanga kidogo na nyasi zilizokatwakatwa, kisha ukaukie kivulini usipasuke. Mafiga yenyewe yasiwe mawe ya matumbawe hata kama yamejaa uani. Hayo ndiyo yanayochomwa tanurini kupata chokaa. Ukiyapikia kila siku yatamomonyoka. Tumia matofali ya kuchoma.

Watu wengi huongeza unene wa udongo wakidhani ndio unaotunza joto. Mama mdogo aliliangalia jiko la jirani, pana kama kitanda, akasema, "Mwanangu, hilo linaota moto lenyewe kabla halijatupikia." Ndivyo ilivyo. Udongo mzito hunywa joto kwanza. Kwa chungu cha mbaazi si neno, kwa uji wa haraka ni hasara tupu. Ukitaka kuzuia joto, jenga ukuta mwembamba wa ndani, mwingine nje, katikati ujaze majivu makavu yaliyochekechwa. Majivu hayapitishi joto kirahisi, na hayauzwi dukani.

Kuni nazo ziwe kavu, zipasuliwe nyembamba, na vichwa vyake viegemee kipande cha tofali ili hewa ipite chini. Kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yake yenyewe. Maganda ya korosho yasiingie humo: mafuta yake yanachoma ngozi, na moshi wake hauvumiliki.

Mbaazi ziloweke usiku kucha. Zikishachemka vizuri kwa muda, funika, epua, ingiza sufuria ndani ya kapu lililojazwa vitambaa au majani makavu ya mgomba, juu ufunike blanketi zito. Zitaendelea kuiva bila moto. Zirudishe jikoni zichemke tena kabla ya kutia nazi. Ukifanya hivi kwa maharage mekundu, yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi kwanza, maana yakiiva kwa uvuguvugu tu yanasumbua tumbo vibaya.