Saspensheni Ikivunjika, Fundi Ndiye Aje Kwenye Gari

Majirani zangu hapa Dodoma huniuliza swali hili mara kwa mara: gari linagonga chini, gereji haiko mbali, je, niliendeshe polepole mpaka pale? Nami huwajibu kwamba wasiliondoe lilipo kabla hawajajua kilichovunjika. Saspensheni, yaani vyuma na springi vinavyoshikilia magurudumu na kupunguza mtikisiko, ni vitu vingi kwa pamoja, na hatari zake hazilingani.

Shokapu ikivuja mafuta na kufa, gari litanesa kama kitanda cha kamba na litachelewa kusimama ukikanyaga breki, hasa kwenye rafu. Hata hivyo gurudumu linabaki mahali pake. Linki ya stabilaiza, kile kifimbo cha chuma kinachosaidia gari lisilale sana kwenye kona, ikikatika, utasikia makelele kwenye matuta na gari litalala zaidi kwenye kona. Kwa mambo haya mawili, ikiwa ni mchana na barabara haina msongamano, sitakukataza kwenda taratibu mpaka gereji ya karibu.

Boljointi ndiyo inayonitia hofu. Hiyo ndiyo inayoshika gurudumu kwenye amu ya chini, yaani mkono wa chuma unaotoka kwenye bodi ya gari, huku ikiliacha likate kona. Ikiisha kabisa, kichwa chake huchomoka, gurudumu linalala, na gari linakaa chini upande huo. Hapo hata ukizungusha usukani, gari halikufuati, na mpira wa breki unaweza kukatika kwa kuvutwa. Wengi hujipa moyo kwamba mwendo mdogo utawaokoa, lakini boljointi iliyoisha inaweza kuchomoka wakati unakata kona kutoka kwenye maegesho. Shemeji yangu yalimkuta akitoka getini kwake Nkuhungu. Siku hiyo alikuwa anakwenda Igunga, na kabla ya kufika Igunga kuna mteremko wa Sekenke, na malori yanayoushuka tunayajua. Kila nikikumbuka, namshukuru Mungu kwamba lilikatikia pale getini.

Springi iliyovunjika nayo usiichukulie poa. Kipande chake kina ncha kali, na kwenye magari mengi madogo kiko karibu sana na tairi la mbele. Kikihama kidogo tu kinaweza kulichana.

Kwa hiyo kwanza chungulia. Simama mbele ya gari, angalia kama tairi moja limelala au limesogea kuliko mwenzake, na kama nafasi kati ya tairi na madigadi ni sawa pande zote mbili. Tafuta mafuta kwenye shokapu na kipande cha springi kilichoning'inia. Ukiona tairi limepinda, au usukani ulikuwa unatangatanga kabla hujasimama, zima gari upige simu.

Hapa Dodoma si vigumu kumpata fundi atakayekuja na bodaboda, mfuko wa vifaa mgongoni. Boljointi, linki, tairodi (fimbo inayokatisha magurudumu kona) na hata shokapu za magari mengi hubadilishwa gari likiwa lilipoharibikia. Mimi langu lilianza kugonga nikitokea Kondoa. Nilipofika Msalato nikalitoa kabisa nje ya barabara, nikaweka pembetatu nyuma, nikampigia fundi. Alipoinua gurudumu na kulitikisa, akaniambia, "Mama, hili usilisogeze hata mpaka kwenye kile kivuli." Spea ikaletwa na bodaboda, akaifunga palepale.

Jambo ninalolisisitiza sana ni usalama wa huyo fundi. Udongo wetu una mchanga mwingi, na jeki huzama taratibu bila mtu kujua. Weka ubao mpana chini yake, weka kizuizi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na usimruhusu aingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Tofali la saruji halifai kuegemeza gari, maana hupasuka ghafla. Na kama springi inatolewa kwenye shokapu, lazima awe na kibanio chake. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaua mtu. Kama hana kibanio, kazi hiyo isubiri.

Ikishindikana kabisa kutengenezwa hapo, tafuta gari la kubeba. Kuvuta kwa kamba hakufai, kwa sababu gurudumu bovu linabaki linakanyaga barabara, na injini ikiwa imezimwa breki na usukani vinakuwa vigumu. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne libebwe zima, lisinyanyuliwe upande mmoja likaburuzwa.

Kazi ikiisha, mwambie fundi akaze nati za magurudumu mbele yako, kisha nenda moja kwa moja kufanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yakae sawa, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja. Shokapu zibadilishwe mbili, kushoto na kulia. Na kama boljointi ya upande mmoja imeisha, muombe aitikise na ya upande wa pili kabla hajashusha jeki.