Mkurugenzi si mwenye shirika

Umeuliza kama dada anayewafundisha vijana wa Ngamiani, Tanga, kushona anaweza kumrithisha mwanawe shirika lake, na utajuaje viongozi wake ni akina nani. Hapana, hawezi. Ni mkurugenzi tu, na juu yake kuna bodi. NGO (shirika lisilo la kiserikali) iliyosajiliwa kwa Sheria Na. 24 ya 2002 haigawi faida kwa mtu, hata kwa mwanzilishi. Niliwahi kujaza fomu za usajili huo kwa ajili ya kikundi chetu: wanataka katiba, muhtasari wa kikao wenye saini za waanzilishi, na maelezo binafsi ya kila kiongozi. Kwa hiyo majina ya viongozi yapo kwa msajili. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii pale Halmashauri ya Jiji, ndiye msajili msaidizi wa NGO. Ila kama wamesajiliwa BRELA (wakala wa kusajili biashara na kampuni) au RITA (wakala wa kusajili wadhamini), huko taratibu ni nyingine.