Muziki Wakati wa Kuandika Programu: Chagua Usio na Maneno

Anayeandika programu akiwa nyumbani Ngamiani, hapa Tanga, hana nafasi ya kuchagua kati ya muziki na ukimya, kwa sababu ukimya wenyewe haupo: bodaboda zinapita, redio ya jirani iko juu, na Jumamosi hakukosi shughuli mtaa wa pili. Anachoweza kuchagua ni sauti ipi ikae masikioni mwake, na ushauri wangu ni kwamba isiwe na maneno anayoyaelewa.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hushikilia baadhi ya mambo kwa kuyatamka kimoyomoyo, na mwaka 1989 Baddeley pamoja na Pierre Salamé walionyesha kuwa nyimbo za kuimbwa huvuruga kumbukumbu ya tarakimu kuliko muziki wa ala tupu. Mwandishi wa programu naye hubeba kichwani majina na namba ambazo bado hajaziandika, na mstari mmoja wa wimbo unatosha kuziangusha. Kwetu sisi tuliolelewa na taarabu ya Black Star na Lucky Star hali ni ngumu zaidi, maana fumbo likishaimbwa hutulii mpaka ujue anasemwa nani.

Kwa hiyo mimi husikiliza bashrafu, zile ala tupu za taarabu ya Unguja ambamo udi, kanuni na fidla hupokezana bila mwimbaji. Ninachagua ninazozijua tayari, kwani kipande kigeni hudai kusikilizwa, kisha ninazipanga mfululizo ili nisiguse simu kila mara. Nyimbo zenye maneno ninaziweka kwa kazi isiyohitaji kufikiri sana, kama kupanga mafaili au kujaza data za majaribio. Ninapotafuta hitilafu iliyojificha ninazima hata bashrafu, na kelele za nje zikizidi ninaweka sauti ya mvua.

Sauti yenyewe iwe ya wastani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na saa hizo ni wiki nzima ya kazi, hivyo kuongeza sauti ili kushindana na spika za harusi hakufai. Spika hizo zikianza, ninaahirisha hitilafu hadi alfajiri na kujibu barua pepe.