Kwa nini niliacha kazi kabla ya miaka 60

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini niliacha kazi ya kuwahudumia wazee majumbani nikiwa na miaka 53, ilhali majirani zetu wa ofisini hungoja hadi 60, na kama ningependa nawe uingie kazi iyo hiyo.

Niliacha kwa sababu mgongo ulikataa. Mzee niliyemhudumia Lavington alikuwa amepooza upande mmoja. Ili asipate vidonda vya kulalia, nilimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na asubuhi nilimwinua kutoka kwenye godoro lililobonyea, nikiwa nimeyabana magoti yake kwa yangu naye akining'inia shingoni mwangu, hadi kwenye kiti cha magurudumu ambacho hakikupita mlango wa bafu. Hapo ilinibidi nimwinue tena. Kazi hiyo inataka watu wawili, nami nilikuwa peke yangu. Ndiyo maana huniudhi kusikia kwamba anayeondoka mapema amekosa uvumilivu.

NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, humruhusu aliyestaafu kuchukua mafao yake kuanzia miaka 50, lakini ruhusa hiyo humfaa yule aliyekatiwa michango. Mwajiri wangu wa kwanza alinilipa mkononi miaka yote bila kuniandikisha, kwa hiyo nilipoondoka nilikuta akiba ya miaka michache tu, ile ya kwa mzee.

Kazi yenyewe ni ya heshima na sikukatazi. Hata hivyo, usianze kwa maneno matupu. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na kesi ikifika mahakamani mwajiri asiyeweza kuutoa ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana. Siku moja ya mapumziko kwa wiki na likizo ya siku 21 kwa mwaka ni haki yako, hata kama unalala kwao. Michango ya NSSF ni asilimia 6 ya mshahara kutoka kwako na 6 kutoka kwa mwajiri, hakikisha inafika. Na kabla ya kuzungumzia mshahara, uliza mgonjwa ana uzito gani na ni nani atakayekusaidia kumwinua.

Wakikupa mkataba, nitumie nakala niusome kabla hujatia sahihi.

Mama yako,
Kawangware, Nairobi