Maswali ya Wasomaji: Upepo wa Kilimani

SWALI: Ndugu Mhariri, kijiji chetu kina kilima chenye upepo mwingi, na kamati yetu imekwisha kuletewa bei ya mitambo mitatu ya kufua umeme. Je, tuanze kuchangishana fedha?

JIBU: Bado. Nguvu ya upepo hutegemea kipeo cha tatu cha kasi yake, yaani kasi ikiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara 8, hivyo kosa dogo katika kukadiria kasi huvuruga hesabu zote za mapato. Simikeni kwanza mlingoti wenye vipima upepo, unaokaribia kimo ambapo mapanga ya mitambo yatazungukia, na mchukue vipimo kwa muda usiopungua miezi 12 ili misimu yote ihesabiwe. Upepo unaohisiwa ardhini si ushahidi (na kila kijiji huamini kilima chake ndicho chenye upepo kuliko vyote).

Wakati huohuo, ulizeni shirika la umeme kama njia yake iliyo karibu inaweza kupokea umeme wenu, na kwa gharama ya nani. Jibu la swali hilo pekee laweza kuuzima mradi. Mkataba wa ardhi nao utaje atakayelipia kuiondoa mitambo itakapochakaa, kwa kawaida baada ya miaka 20 hadi 25.