Usiandike Jina la Ubatizo Peke Yake

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili, na mwandiko wangu ulisifiwa hata na mwalimu wa hisabati. Ndiyo maana bibi, mama mzaa mama, alinichagua mimi nimjazie fomu ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu kule kambi ya wakimbizi ya Lugufu. Vita vilipofika Baraka, upande wa Kongo, mwishoni mwa 1996 alivuka Ziwa Tanganyika kwa boti ya mizigo akashukia Kibirizi, hapa kwetu Kigoma, akiwa na kanga mbili na wajukuu watatu. Mjomba na mama mdogo walibaki ng'ambo, kila mmoja amekimbilia upande wake. Nikaketi kwenye benchi, nikaandika jina la mjomba kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo, jina la baba yake na mwaka wa kuzaliwa. Nikarudisha fomu, nimeridhika na herufi zangu.

Ilikaa miaka mitano bila jibu, na kosa lilikuwa langu.

Mjomba hakuna aliyemwita kwa jina la ubatizo. Baraka nzima alikuwa Fundi Redio. Alipokimbia alishika njia ya kusini, akapita Kalemie na Moba, mwishowe akaingia Zambia na kuandikishwa kambi ya Mwange kwa jina la babu yake, kwa sababu ndilo alilolitaja kwanza alipoulizwa ukoo. Huko naye akajaza fomu ya kumtafuta mama yake. Karatasi mbili, moja Tanzania na nyingine Zambia, zikawa zinatafutana bila kujuana. Zilikutana 2002, baada ya kijana mmoja wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu kumuuliza bibi swali ambalo mjukuu wake msomi hakulifikiria: "Bibi, huyu mwanao mtaani walikuwa wanamwitaje?"

Tangu Goma, huko mashariki mwa Kongo, ilipotekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, nimeulizwa mara nyingi na watu waliopoteza wenzao njiani, wengine wakiwa wamevuka mto Rusizi kuingia Burundi, kwamba waanzie wapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa simu.

Anzia Msalaba Mwekundu wa nchi uliyopo, au ofisi yao ndani ya kambi. Huhitaji kujua ndugu yako yuko nchi gani. Vyama vya nchi mbalimbali hufanya kazi hii pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo ina ofisi kuu ya kutafuta watu huko Geneva. Hawakuanza jana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza waliandika kadi za majina zipatazo milioni 7, kwa mkono na kwa taipureta, za wafungwa na waliopotea. Kufikia mwisho wa 2024 walikuwa na watu zaidi ya 280,000 walioandikishwa kuwa hawajulikani walipo, dunia nzima. Sasa wewe nenda na "Amisi, mrefu, wa Fizi" uone utafika wapi.

Kwa hiyo jaza fomu kama unayemsimulia mtu asiyewahi kumwona ndugu yako. Jina la nyumbani, la utani, la kazini, na lile ambalo angelitaja kama angeogopa kutaja la kweli. Tahajia zote pia, maana karani aliyezoea Kifaransa na karani aliyezoea Kiingereza hawaandiki jina moja kwa namna moja. Kijiji peke yake hakitoshi. Taja soko, msikiti au kanisa, mwalo aliokuwa anapakia samaki. Taja kovu, jino lililong'oka, mguu uliowahi kuvunjika. Nani alikuwa naye mara ya mwisho, na walishika njia ipi? Hilo la mwisho watu hulipita haraka, nami naliona ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu mkimbizi husahau tarehe lakini hamsahau aliyelala naye porini.

Kama anayetafutwa ni mtoto, au mtoto ndiye anayetafuta, majina huwa hayasaidii sana. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa kuwa wametengana na familia zao. Kwa mtoto wa miaka mitatu, baba yake anaitwa Baba. Hapo picha zilisaidia: wadogo walipigwa picha, zikapelekwa makambini na vijijini ili wazazi wazitazame. Ukiwa na picha ya mtoto, hata ya harusi ambayo yeye amesimama pembeni ananyonya soda, itunze.

Akishapatikana, au ukijua alipo ila simu hazipiti, kuna barua za Msalaba Mwekundu. Ni karatasi ya wazi, haina bahasha, na wenye mamlaka wanaweza kuisoma njiani. Andika habari za nyumbani tu. Usimtaje kamanda, usiseme askari wamepita wapi, usitukane serikali ya mtu. Barua ya kwanza ya mjomba ilikuwa na mistari sita: yu mzima, ameoa, mke anaitwa nani, mtoto kapewa jina la bibi, je mama bado anaumwa goti, nijibuni. Bibi alinifanya niisome mara nne. Mara ya tano akasema basi, ameshaishika kichwani, akaikunja na kuitia kwenye fundo la kanga pamoja na hela.

Huduma hii ni bure, kuanzia fomu hadi barua. Nasisitiza kwa sababu matapeli wamejaa. Ukibandika picha ya ndugu yako kwenye Facebook na namba yako chini yake, usishangae ukipigiwa: "Tumempata, yuko hospitali, tuma nauli." Muulize kitu ambacho ndugu yako peke yake angekijua. Tena fikiri kabla ya kubandika, maana kuna waliokimbia watu wenye silaha, na hao pia wana simu. Msalaba Mwekundu wenyewe hawakupi anwani ya mtu mpaka mwenyewe akubali, na wapo wasiokubali. Hata hivyo si ngome: Januari 2022 iligunduliwa kwamba wadukuzi walikuwa wameingia kwenye kompyuta zenye taarifa zao na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000. Mimi bado nawaamini kuliko namba nisiyoijua ya WhatsApp.

Ukiambiwa na ofisa yeyote kwamba unasumbua, jua kwamba Itifaki ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, yaani sheria za vita, inataja haki ya familia kujua yaliyowapata ndugu zao, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2474 mwaka 2019 kuhusu watu wanaopotea vitani. Karatasi za New York hazitaenda kumtafuta mtu Fizi, lakini zinakupa sauti dirishani.

Sasa lile gumu. Mama mdogo hatujampata hadi leo. Padri alipokuja kumtembelea bibi kambini aliuliza aseme misa gani, ya msafiri au ya marehemu, na bibi akamjibu aseme zote mbili. Bibi alifariki 2006. Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Bosnia. Vita vya iliyokuwa Yugoslavia, nchi ambayo Bosnia ilikuwa sehemu yake, viliacha watu kama 40,000 wasiojulikana walipo, na zaidi ya asilimia 70 wameshajulikana yaliyowapata, wengi wao kwa kulinganisha vinasaba vya mifupa na damu ya ndugu zao. Damu ya mama na ya baba ndiyo inayosema vizuri zaidi. Huku kwetu kazi ya ukubwa huo haijafika, na bibi tumeshamzika, yeye na yote aliyoyajua ambayo hatukumuuliza. Kama una mzee nyumbani, kaa naye wiki hii na daftari, jioni akishakula. Usimhoji kama polisi. Muulize kuhusu utoto wa aliyepotea, kovu litajitokeza lenyewe.

Faili la mama mdogo liko wazi. Niliwahi kubadilisha laini nikasahau kuwaarifu, miezi minane nzima. Sasa kabla ya kuitupa laini naenda ofisini kwanza na namba ya faili. Mara ya mwisho karani aliniuliza kama kuna jipya. Nikamwambia mjomba amekumbuka kwamba dada yake aliungua mafuta ya maandazi, mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. Akavuta kalamu akaandika.