Pingili zimesagika, diski imetoka: niache mwani?

Swali

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 43, niko Micheweni, Pemba. Nalima mwani. Wiki tano nyuma, maji ya bamvua, nilinyanyua gunia la mwani mbichi na kiuno kikanikata palepale. Tangu siku hiyo maumivu yanashuka kutoka tako la kushoto, nyuma ya paja, ubavuni mwa muundi, mpaka juu ya mguu, na kidole gumba kina ganzi. Nilipiga eksirei nikaambiwa pingili zimesagika. Nikavuka Unguja kufanya MRI, karatasi inasema diski ya L4/L5 imetokeza na inagusa neva. Bibi mkandaji wetu anasema pingili imehama na yeye atairudisha. Jirani anasema nisiiname tena maisha yangu. Nimeshachomwa sindano saba za diklofenaki. Niache mwani? Nipasuliwe? Na sasa nasali juu ya kiti, lini nitasujudu?

Jibu

Waalaykum salaam dada. Kabla ya mwani na gunia, nianze na ambalo hukuliuliza, maana hilo halina subira. Ukijisafisha baada ya haja, unauhisi mkono wako kama siku zote? Mkojo unatoka ukiutaka na unakaa ukiuzuia? Kandambili ya kushoto inakaa mguuni, haichomoki njiani bila ya mwenyewe kujua? Kama yote ni ndiyo, kaa tusome pamoja. Lakini siku utakapohisi ganzi sehemu za siri, au mkojo umegoma au unavuja, au mguu unaburura, weka simu chini uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Hapo zinabanwa neva za kibofu na choo, na zikibanwa muda mrefu huenda zisirudi tena. Vilevile mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, kukonda bila sababu, kikohozi kisichokwisha, au aliyewahi kuugua saratani, asikae nyumbani akichuliwa: kifua kikuu kinaweza kula pingili za uti wa mgongo. Na aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono. Alazwe kwenye ubao, apelekwe.

Wewe hukutaja hata moja katika hayo, kwa hivyo naendelea.

“Pingili zimesagika.” Naichukia kauli hii. Watu wananijia wakiisema kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imeliwa na mchwa. Eksirei inaonesha mfupa tu. Diski haionekani, kinachoonekana ni uwazi baina ya pingili na pingili, na uwazi ukipungua ndiyo wanakwambia zimesagika. Hapana kilichosagwa. Diski hupungua maji kadiri mtu anavyokwenda umri, kama nywele zinavyoota mvi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasioumwa mgongo hata kidogo. Katika wenye miaka 20, 37 kwa kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa, na kwa wenye miaka 40 walifika 68. Wazima hao! Kwa umri wako, ningeshangaa zaidi kama karatasi isingesema kitu.

Sasa tuusome huo mgongo wenyewe. Pingili za muwa unazijua, na za mgongo zimepewa jina hilohilo. Ziko 33: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua zinazobeba mbavu, 5 za kiuno, 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja mpana baina ya makalio, na kama 4 ndogo za kifandugu. Hiyo “L” ya kwenye karatasi ni kiuno tu. Weka mikono kiunoni, juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikutane nyuma: hapo ndipo ilipo L4 au jirani yake. Diski yako iko baina ya ya nne na ya tano. Hiyo na iliyo chini yake ndizo zinazobeba mzigo mkubwa kuliko zote, na ndizo karibu zote zinazotokeza.

Diski ni kata. Ile kata ya kitambaa unayoiweka kichwani kabla ya ndoo, isipokuwa hii katikati yake haina tundu. Nje imesukwa kwa tabaka za nyuzi zinazopishana mshazari, moja huku, moja kule, kama mkeka. Ndani mna kitu laini chenye maji, mfano wa nyama ya dafu changa. Na kata hii haikuwekwa juu ya pingili ikaachwa. Imeota ndani ya mfupa wa juu na wa chini, kwa hivyo haichomoki ikarudishwa kama kizibo cha chupa. Neno “imetoka” ndilo linalotutia hofu bure. Kilichotokea kwako ni nyuzi za nyuma kuachia, kisha ile nyama laini ikasukumwa hapo ikatokeza kidogo, pale hasa unapopita mzizi wa neva ya L5. Neva hiyo inashuka tako, paja, ubavu wa muundi, ikaishia juu ya mguu na kidole gumba. Ndiyo hasa njia uliyoniandikia. Picha na maumivu havikubaliani siku zote, kwako vimekubaliana.

Moto unaousikia hautokani na kubanwa peke yake. Ile nyama ya ndani ikigusa neva huiwasha, neva ikavimba na kuwa kali. Uvimbe huo hupoa mapema kuliko diski inavyonywea, ndiyo maana mtu huanza kupata nafuu na picha yake ikawa vilevile.

Hofu ya kupooza je? Ugwe wa mgongo, ule wenyewe unaotoka kwenye ubongo, unaishia kiuno cha juu, kwenye pingili ya kwanza au ya pili. Kutoka hapo kwenda chini inaning’inia mizizi tu, kama ncha ya kamba ya usumba iliyofumuka. Diski yako iko chini ya ugwe, haiufikii. Lakini katika mizizi hiyo imo inayokwenda kwenye kibofu, na ndiyo sababu ya masuali yangu ya mwanzo.

Bibi mkandaji namheshimu, na mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) yanayokamuliwa hapa Pemba, kule Wawi, yanatia joto zuri la kulegeza misuli. Akuchue taratibu, ulale usingizi. Ila pingili haikuhama. Pingili za kiuno zimefungwa kwa kano nene na misuli ya kila upande, na hakuna kidole gumba kinachoweza kuzisogeza, wala hapana cha kurudisha. Ule mlio wa “kwaa” ni hewa ya kwenye maungio. Akitaka kukuwekea goti au kisigino mgongoni, mwambie kwa adabu kwamba umekatazwa. (Lugha nayo inatuchezea: mshipa kwetu ni neva, ni mshipa wa damu, ni kano, na hata henia ni mshipa. Mtu akisema mshipa umekaa vibaya, humjui anasema kipi.)

Kwa tiba, habari njema kwanza. Mwili unakula kile kilichotokeza. Chembe za kusafisha huingia na kukimaliza kidogo kidogo, na la ajabu, vile vipande vikubwa vilivyotoka kabisa ndivyo hunywea zaidi. Wengi wenye maumivu ya mguu kama yako hupata nafuu kubwa baina ya wiki ya 6 na ya 12 bila ya kisu. Wewe uko ya 5.

Sindano saba zatosha. Diklofenaki hutuliza, lakini hutafuna tumbo na kuchosha figo, na mwenye presha humpandisha. Usichomwe tena dukani bila ya kupimwa presha na figo. Mengine ya dawa muulize daktari wako.

Kulala kitandani siku mbili za mwanzo hakukatazwi. Wiki mbili ni kujidhuru, misuli inalegea na neva inazidi kukasirika. Tembea. Maji yakikupwa mchanga wa pwani ni mgumu na hauna mashimo: dakika kumi asubuhi, kumi jioni, kila siku chache ongeza tano. Kisha mtihani mmoja. Lala kifudifudi mkekani, egemea viwiko, kiuno kilegee, ukae dakika mbili au tatu, mara kadhaa kwa siku. Usiangalie kama inauma, angalia inauma wapi. Maumivu yakihama kutoka muundini kupanda pajani, kutoka pajani kurudi takoni, endelea, hata kama kiuno chenyewe kimezidi kidogo. Yakishuka kwenye vidole, acha, zoezi hilo si lako.

Na mwani? Usiache. Lakini nadhani unamlaumu gunia peke yake, nami namtuhumu mwengine. Nimewaona kina mama wakifunga mbegu: wamekaa kitako chini ya banda, miguu imenyooshwa mbele, mgongo umepinda, kichwa kimeinama juu ya kamba na taitai (vijikamba vya kufungia mbegu), saa mbili, saa tatu, mazungumzo yanaendelea. Mgonjwa anayeshukiwa neva akija kwangu, mkao huohuo ndio ninaomweka kwa makusudi kumpima: miguu mbele, mgongo upinde, kidevu kifuani. Unaivuta neva kutoka kiunoni mpaka unyayoni kama uzi wa mshipi. Mimi namweka sekunde kumi akapiga ukelele, nyinyi mnakaa asubuhi nzima. Funga kamba baina ya nguzo mbili, usawa wa kifua, ufunge mbegu umesimama. Au kaa juu ya kiti, magoti yamekunjwa, kamba juu ya meza. Wenzako watakucheka siku mbili.

Gunia nalo lina hesabu yake. Misuli ya mgongo inavuta kutoka kama sentimita 5 tu nyuma ya diski. Mzigo wa kilo 10 ukiushika mikono imenyooka, sentimita 50 mbele yako, misuli lazima ivute kilo 100 kuusawazisha, na zote zinaishia juu ya ile kata. Mzigo huohuo ukiubana tumboni, sentimita 20, inakuwa 40. Na hapo sijatia uzito wa kiwiliwili chako kilichoinama. Kwa hivyo jaza nusu gunia, liburure ndani ya maji maadamu maji yapo yalibebe yenyewe, na ukilinyanyua lipakate kwanza. Kwa miezi miwili hii wachie wanao wakubwa na mumeo walibebe kutoka ufukweni mpaka kwenye chanja cha kuanikia.

Huyo jirani wa “usiiname maisha” mshukuru, kisha msahau. Nyuzi hupona kwa kutumiwa kidogo kidogo, na mgongo usioinama kabisa huwa mgumu na mwoga. Ila kuna wakati wa kuchagua. Usiku umelala, diski zinanyonya maji, ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kwa sentimita moja au zaidi kuliko jioni. Zikiwa zimejaa hivyo, kuinama huzikaza mno. Sasa fikiria kitu cha kwanza anachofanya mwanamke wa Pemba akitoka ndani: anafagia uwanja kwa fagio la chelewa, lile fupi, ameinama mpaka chini. Lifunge kwenye mti mrefu, au ufagie saa moja na zaidi baada ya kuamka. Pwani yenyewe haina neno, maji ya bamvua hukupwa asubuhi ikishakwenda mbele na diski zimeshatua.

Upasuaji: si leo. Ukipasuliwa, mguu hupoa mapema kuliko wa mwenzako aliyengoja, hilo kweli. Lakini utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007, uliowafuata waliopasuliwa mapema na waliongoja, ulikuta baada ya mwaka wako sawa. Tena kisu hicho ni cha maumivu ya mguu, si cha kuuma kiuno. Ukifika wiki ya 12 na bado hulali, au nguvu za mguu zikianza kupungua, vuka Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, ukawaone wapasuaji wa mgongo, na uchukue picha zenyewe za MRI, si karatasi tu. Jipime kila Ijumaa: shika ukuta, tembea hatua kumi kwa visigino. Kidole gumba cha kushoto kikishindwa kunyanyuka kama cha kulia, usingoje hiyo wiki ya 12.

Sijda mwisho. Hukmu ya kiti waulize masheikh, mimi nakujibu la mgongo tu: kusujudu hakuharibu diski. Ukiweza kutembea nusu saa na maumivu yakabaki juu ya goti, rudi mkekani. Shuka kwa magoti kwanza, mikono ikutangulie kichwa, na kuinuka shika stuli iliyo pembeni. Anza na adhuhuri. Alfajiri, diski zikiwa bado zimejaa maji, endelea na kiti wiki chache tena.